Dirisha la Sekunde Mbili

Tulitoka ukumbini saa nne usiku,
watu wanne, filamu moja,
na kabla hatujafika kwa muuza viazi karai, Makadara,
zilikuwa zimeshakuwa filamu nne.

Kaka yetu Mbwarali macho mekundu.
"Ndiye mimi yule," asema,
"yule wa gurudumu la baiskeli na kijiti,
yule aliyeibiwa champali msikitini
akarudi peku juu ya lami ya Machi, kifua mbele.
Hata chokaa ya ukuta ni ile ile, buluu inayochubuka,
hata kikohozi cha mwalimu wa chuoni!"
Akachovya kiazi kwenye ukwaju, asile.

Ilyas mwanawe, miaka kumi na saba,
alikuwa akitafuna kwa niaba ya wote wawili.
"Saa mbili nzima, baba, na hakuna kilichotokea.
Mtoto anakua. Basi.
Hata mimi nakua, mbona sipigwi picha?"

Tukacheka. Batuli hakucheka.
"Wavulana wameruka mapaa yote ya Kibokoni,
wamepiga mbizi Mlango wa Papa,
wamevuta sigara ya kwanza, wakatapika, wakasamehewa.
Na siye? Nimehesabu.
Mkono mmoja ukifunga dirisha.
Sekunde mbili.
Uso hawakuuonyesha."

"Lakini zilikuwa siku njema, Batuli."
"Njema kwa nani? Wali ulioukuta mezani,
nazi yake ilijikuna?"

Muuza viazi akageuza karai lake,
akasema mvua ya sinema hainuki,
ndiyo maana yeye haendi.
Hakuna aliyemjibu.

Kisha wakanigeukia mimi, kitinda mimba,
kama watu wanaotaka kura moja tu.
Nikasema nzuri. Nikasema ndefu kidogo.
Nikaomba pilipili.

Sikusema kwamba dirisha la namna ile
lina tundu chini ya komeo,
la kupita kidole cha mtoto.
Kwamba ukilibamiza kwa nguvu, jikoni wasikie, waamini,
unaweza kupiga magoti
ukauona mtaa mzima:
gurudumu limelala mtaroni,
kijiti kimevunjwa vipande viwili,
na kaka yako amesimama peku kwenye kivuli chembamba,
akipokeza mguu huu na huu,
akijifuta kamasi kwa mkono wa kanzu,
akitazama kushoto, kulia,
kuhakikisha hakuna anayemwona.

Kwenye filamu hakulia.