Kipimo cha Mkono

Upinde nilipewa badala ya mshahara wa miezi miwili,
kambi ya wawindaji ilipofungwa na wageni wakarudi kwao.
Upinde wa makapi: gurudumu juu, gurudumu chini,
kamba zikipishana katikati kama wadaiwa sokoni.
Mali. Tatizo moja tu:
aliyeuunda alikuwa akiufikiria mkono mwingine.

Wangu wa kushoto ni huu.
Kiganja kifupi, gumba nene,
kidole cha pete kimepinda tangu kiwanda cha minofu,
zamu ya usiku, kisu kilipoteleza mgongoni mwa sangara.
Kishikio cha plastiki kilinijaa kama tofali.
Nikivuta, sawa. Nikilenga, sawa.
Nikiachia, upinde unageuza shingo
kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake,
na mshale unakwenda kushoto,
vidole vinne kushoto, kila mara,
unatoboa gunia la pumba za mpunga
pale ambapo hakuna mnyama aliyewahi kuweka moyo.

Kashinje, fundi baiskeli wa Mabatini,
alinizungushia mpira wa ndani wa tairi, mara tatu.
Laini, sikatai.
Lakini jasho la Januari likaugeuza ulimi wa ng'ombe:
ukawa unanishika kuliko nilivyoushika.

Kijana wa karakana ya Igogo akanikerezea cha alumini,
chembamba, safi, kama kifaa cha hospitali.
Alfajiri, juu ya mawe ya Bwiru, upepo ukitoka ziwani,
baridi yake ilipita ngozi ikauliza habari za ule mfupa.
Nilikirudisha. Pesa hakurudisha.

Upinde wa baba, wa mti wa mkole,
haukuwa na kishikio chochote.
Ulikuwa na doa jeusi, pana kama jani la mchicha,
pale kiganja chake kilipolala usiku wa lindo za sungusungu.
Basi nami nikang'oa vyote, nikabaki na chuma kitupu.
Lakini doa lile lilitaka miaka thelathini,
na kibali changu kiko mezani kwa bwana nyama,
kinangoja muhuri tu.

Ndipo nikaenda Kirumba kwa Nyanjige,
anayechonga makasia na michi.
Hakuuliza upinde ni wa aina gani.
Aliingia ndani, akatoka na bonge la kiporo cha ugali.
"Shika. Wa kushoto."
Nikasita. Ugali, kwa kushoto?
"Huli," akasema. "Unapimwa."

Nikabonyeza.
Akaligeuza bonge juani, akalisoma kama barua ya mahari.
"Unakaba.
Tazama vidole vilivyozama, kiganja hata hakijagusa.
Mwenye kukaba kasia, mtumbwi humzungusha palepale."

Siku nne. Kipande cha mninga,
chembamba kiunoni, bapa nyuma,
na kitako kidogo cha kuegemea shina la gumba.
Upande wa vidole, hakuna kitu.
"Hivi umeviwekea nini?"
"Sijaviwekea. Havina kazi."

Mshale wa kwanza: kushoto, vidole viwili.
Wa pili nikaacha vidole vining'inie
kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Ukaingia katikati, kimya,
hadi nikaenda kuutafuta nyuma ya gunia.
Wa tatu, katikati.
Wa nne nilikumbuka bei ya mninga, nikakaza;
kushoto.

Jioni nikapita Kirumba kumalizia deni.
Nikamwomba lile bonge,
nilitaka kuliweka dirishani likauke.
Akanionyesha uani kwa kidevu.
Kuku watatu walikuwa wakilidonoa,
wameanza na kidole kilichopinda.