Tatu, Moja, Mbili

Baba alikuwa mpanga mabehewa, stesheni ya Tabora,
pale reli inapogawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu;
viwili vilibaki kwenye kiungio cha mabehewa
mwaka uleule nilioanza kuhesabu.
Kwa hiyo kwetu kutoa kulitangulia kujumlisha.

Nyuma ya ghala la tumbaku kulikuwa na njia kipofu,
reli fupi iliyoishia kwenye kichuguu.
Humo hakuna mlango wa pili:
la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka,
kama sahani kabatini.
Nikapanga vizibo vya soda juu ya gunia, nikamuuliza:
mabehewa yakija moja, mbili, tatu,
yanaweza kuondoka kwa mipangilio mingapi?
Akasema, "Inategemea nani kapiga simu kutoka Urambo."

Nikahesabu mwenyewe.
Karatasini ni sita. Relini ni mitano.
Uliokosekana ni huu: tatu, moja, mbili.
Maana la tatu likishatoka, la pili limesimama mlangoni,
na la kwanza, lililo ndani, halina pa kupita
ila limpite mwenzake kifuani.

Mabehewa manne: kumi na nne.
Matano: arobaini na mbili.
Usiku wa mia moja thelathini na mbili
chemli iliishiwa mafuta, nikaendelea kwa vidole,
vyangu, kisha vya baba, naye kalala.

Miaka thelathini na minne sasa.
Watu huuliza, Mwalimu Nyamizi, hasa unatafiti nini?
Nawajibu: treni zisizowezekana.
Hucheka, wakaniuliza bei ya mchele.

Nilipokuwa chuoni niliongeza njia kipofu ya pili,
sambamba na ile ya kwanza,
nikidhani nimeyakomboa yote.
Matatu yakatoka kwa namna zote sita, nikapiga vigelegele peke yangu.
Manne: ishirini na tatu kati ya ishirini na nne.
Nne, moja, mbili, tatu. Huo ukagoma.
Umegoma hadi leo.

Mabehewa sita yalinipa mia tano kumi na mbili.
Namba ya kuvishwa kanga: moja
ikijirudufu mara tisa, bila ufa.
Nikaandika makala, nikaituma.
Mhakiki nisiyemjua hata jina
akairudisha na maneno mawili: Hesabu tena.

Miezi kumi na moja.
Kumbe kurasa mbili za daftari zilinatana
kwa asali ya Sikonge,
na katikati, kama nyuki aliyekauka,
mpangilio mmoja.
Mia tano kumi na tatu. Haina sura,
lakini ndiyo.
Tangu hapo namba ikinipendeza sana
naipekua mifuko.

Tulizaliwa watatu katika nyumba za reli:
Mihayo, mimi, Kalunde.
Kalunde alitangulia, Machi, uti wa mgongo,
hata viatu vyake vipya havijakunjika.
Nikajisemea, sawa, wa mwisho kuingia.
Zamu inayofuata naijua.

Juni nilikuwa Hospitali ya Kitete,
nimeweka kiti mlangoni mwa wodi,
nasahihisha mitihani ya kidato cha sita.
Mihayo alikuwa ndani.
Sikuinuka. Sikusogea hata kuchukua kalamu iliyoanguka.
Akapita.

Nimeurudia uthibitisho wangu, ule wa utotoni,
mistari minne tu.
Hauna kosa.
Nimezitenganisha kurasa zote kwa wembe.

Jumatatu niliwagawia wanafunzi vizibo.
Kijana mmoja, Shija, alivisukuma vyake muda mrefu,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, hili la pili likibaki peke yake humu,
linaondoka lini?"

Nilikuwa na chaki mkononi.
Nje treni ya Mwanza ilikuwa inaunganishwa, chuma kwa chuma.
Nikasema, "Inategemea
nani kapiga simu kutoka Urambo."