Zamu ya Maji, Kibosho

Dalali anapima kwa hatua, viatu vyeupe,
anasema: "Mlima mtauona mkiwa kitandani."
Kweli. Hasemi tu kwamba saa tatu asubuhi
unajitanda wingu kama mjane.

Hajui mfereji una zamu:
Jumanne yetu, Jumatano ya akina Mallya,
na mwaka wa ukame Baba alilala mtaroni
na panga, akilinda maji yasiyofika kifundoni.

"Migomba hii mtaing'oa. Hapa bwawa la kuogelea."
Hapo kilizikwa kitovu changu.

Mgeni anayagusa masale ya mpakani, anauliza bei.
Mama anafuta jembe kwa kanga, hacheki.
"Hayo hayauzwi. Ni ya kuombea radhi."
Anachuma jani moja,
ananipa mimi
niliyemwita dalali.