Dishi la Waya wa Kuku

Mwaka ule, kijijini kwetu Odisha,
Netrananda alifunga waya wa kuku
juu ya paa la shule,
ukawa sikio tulilolitegea anga.

Jioni, betri ikikubali,
mwalimu alitokea ndani ya sanduku
akatueleza mzizi unavyokunywa.
Hakutuona.
Sukanti alinyoosha mkono hata hivyo,
akaushikilia juu mpaka taarifa ya mvua.

Unataka kumuuliza nini?
"Kama mpunga husikia kiu usiku."

Mwaka ulipotimia, setilaiti ikahamishwa.
Huko juu nako kuna wapangaji, tuliambiwa.
Skrini ikabaki na chenga,
kisha giza,
kisha kitambaa cha maua na vumbi lake.
Waya ukashushwa, ukarudi kwa kuku.

Sukanti hakusema neno.
Aling'oa mche mmoja shambani,
akautia kwenye gilasi ya maji,
akachora mstari kwa wino wa kaka yake,
akakesha nao, kandili ikimfukizia macho.

Alfajiri maji yalikuwa yameshuka
unene wa ukucha.

Akaibeba gilasi hadi shuleni, miguu mitupu,
akafunua kitambaa.
"Husikia," akaliambia sanduku.