Mtaro wa Machomanne

Umeme umekatika tangu magharibi.
Nina chemli, daftari la mraba,
na mlinganyo aliotupa Mwalimu Shaame Ijumaa
dakika tano kabla ya adhana:
badiliko la u kwa wakati,
jumlisha mara mbili badiliko lake kwa umbali,
ni sufuri.

"Sufuri?" auliza Shangazi Mize, ungo mapajani.
"Usiku kucha watafuta sufuri?"

Asubuhi, mvua ilipoanuka,
nilimwaga buluu ya kufulia mtaroni.
Doa likashuka, likapita kwa Bi Asaa, likapita skuli,
umbo lile lile, mahali pengine.
(Kweli lilififia kidogo. Mlinganyo haufifii.)
Basi ukitaka kujua rangi ya hapa, sasa hivi,
rudi juu mita mbili kwa kila sekunde
hadi saa ilipoanza kuhesabiwa,
uulize pale palikuwaje.
u ni f ya x toa mbili t.
Kwisha.

Haikwisha. Chini yake, wino mwekundu:
Lipo? Ni moja? Linatulia?

Lipo: nililirudisha mlinganyoni,
kila kitu kikaliwa, ikabaki sufuri.
Ni moja: kila nukta ina njia moja ya kurudia,
na njia ina chanzo kimoja.
Linatulia: nikikosea mwanzo kwa unywele,
mwisho nitakosea kwa unywele ule ule.

La pili ndilo lililonitoa jasho.
Safari hii habari za mwanzo
hakuzilaza kukingama mtaro;
kazilaza kufuata maji, x ni mbili t,
akasema: hapo u iwe t.
Nikafuta, nikafuta, karatasi ikatoboka.
Rangi isiyobadilika njiani
itabadilikaje njiani?
Halipo.
Haya, iwe tano, kaandika.
Yakamiminika majibu kama kumbikumbi,
yote sahihi,
lipi nilishike sijui.
Ni kumuuliza mtu mmoja
habari za mji mzima.

Nikamsomea shangazi. Ungo ukasimama.
"Hayo matatu ndiyo niliyomuuliza mshenga
wa yule kijana wako wa Mtambile.
Yupo, au ni picha ya simu?
Ni wako peke yako?
Na siku ukimuunguzia wali,
atanuna kidogo, au atahamisha makabati?"

"Akajibuje?"

"La kwanza alijibu,"
akasema, akarudi kwenye chuya zake.