Kila Mtu na Kijiko Chake

Ujumbe wa Milembe ulikuja na mistari minne:
Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri, mwaloni kwangu.
Kipupwe kimechachamaa, njooni na masweta.
Hakuna kamati, hakuna mchango.
Kila mtu aje na kijiko chake.

Shangazi Nkwimba aliusoma mara mbili kwa sauti,
mara ya tatu akaigeuza simu nyuma,
kama chupa ya dawa ambayo maelekezo yake yamebandikwa mgongoni.
"Harusi isiyo na kamati ni msiba," akasema,
"na hata msiba una kamati."
Kesho yake akashuka Makoroboi
akanunua vitenge vya sare, doti kumi na mbili, kwa hasira.

Dada yangu ana miaka arobaini na tatu.
Aliulizwa "lini?" mpaka swali lenyewe likaota mvi
likachoka, likamwacha.
Amejibu wakati hakuna anayeuliza.

Tulikodi basi la shule, watu ishirini na mmoja,
magoti yakigusa videvu kwenye viti vya darasa la kwanza.
Magu. Lamadi. Bunda, halafu kushoto kuelekea Kisorya.
Mjomba Lubango, aliyepokea posa za mabinti sita wa ukoo,
safari hii hakuletewa barua, wala hata salamu ya mshenga.
Alikaa dirishani na hotuba aliyoiandaa miaka kumi na tano iliyopita,
midomo ikicheza bila sauti.
Kwenye pantoni upepo ulimpokonya kofia.
Hakuikimbilia.
"Na yenyewe haitaki kamati," akasema.

Nansio tulilala wanne wanne.
Mama hakulala. Nilimsikia akifungua mkoba,
akiufunga, akiufungua.

Mwaloni giza lilikuwa halijaamua.
Ziwa lilikuwa na rangi ya bati la zamani
na upepo wake ulijua kila tundu la sweta.
Wanawake wa dagaa walisimama na kurunzi vichwani,
Milembe katikati yao, gauni jeupe, mabuti ya mpira.
Magesa, fundi wa injini za mitumbwi,
alivaa koti la kuazima; grisi kwenye kucha ilikuwa yake mwenyewe.

Mchungaji alisoma haraka, maana mitumbwi ilikuwa njiani.
Alipouliza lile swali kubwa,
injini ya kwanza ikasikika mbali, ikikohoa.
Magesa akageuza sikio.
"Plagi moja imekufa," akanong'ona.
Kisha akasema, "Nakubali."

Hakuna aliyetuomba kazi.
Mitumbwi ilifika, bibi harusi akafunga gauni kiunoni
akabeba ndoo, nasi tukasimama kama wageni wa heshima,
mpaka Shangazi Nkwimba akasonya, akavua viatu,
akainama na sare yake mpya kwenye chanja
akaanza kutandaza dagaa,
akituambia tunavyotandaza vibaya.

Jua lilitukuta hapo, migongo ishirini na moja ya maua mekundu.

Ndipo ikaja supu ya sato, sufuria tatu, bakuli chache.
Vijiko vikatoka mifukoni, kwenye sidiria, kwenye soksi:
cha mbao, cha plastiki ya njano,
kimoja cha dawa ya mtoto, cha binamu Holo asiyefikiri mbali.
Magesa alijipapasa koti lote.
Bwana harusi alisahau chake.

Mama akafungua mkoba. Alikuwa na viwili.
Kile cha pili, cha aluminiamu, kimeliwa upande mmoja
kwa kukwangua ukoko miaka thelathini,
tulikijua wote.
Tangu tumzike baba hakikuwahi kulowa.

Alimpa bila neno.
Magesa akakipangusa kwenye suruali, akachota,
akapuliza, akanywa. Hakujua kitu.
Mjomba Lubango alikunja karatasi yake ndogo, ndogo zaidi,
akasema kwa sauti ya mtu mwenye kazi tena:
"Barua imepokelewa."

Kitenge cha shangazi mpaka leo kina magamba mgongoni.
Anasema ni urembo wa kiwandani.