Alhamisi

Neno lililokubakia ni moja: Alhamisi.
Mengine yote yalitoka usiku ule wa kiharusi
kama upepo kwenye tyubu iliyochomwa na mwiba wa mkonge,
na mimi, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Tatu,
maisha yangu yote nikiziba pancha za watu,
nilipiga magoti sakafuni nisijue tundu liko wapi.

Ukitaka maji, Alhamisi.
Ukitaka kugeuzwa, Alhamisi.
Kuku wa jirani akichungulia mlangoni, Alhamisi! kwa ukali,
na kuku akikuelewa upesi
kuliko nilivyokuelewa mimi miezi ile ya kwanza.

Wewe, Mwantumu,
uliyewatoa jasho wauza machungwa wa Muheza
mpaka wakakuongeza moja ili uondoke.

Ndugu zako walisema urudishwe Mkinga,
huko kuna wanawake, mwanamume hajui kuuguza,
hata kanga hajui kumfunga mtu.
Kweli, sikujua.
Nilijifunza kwa kukufunga vibaya.
Nilijifunza kuwa uji ukiwa mwepesi unakupalia,
na kijiko kiende upande wa kushoto wa mdomo,
na kisigino, hata kisigino, huota kidonda
kikiachwa shukani usiku kucha.
Saa nne nakugeuza. Saa sita. Saa nane.
Mwili wako nilioujua kwa njia nyingine
sasa naujua kama dereva anavyoijua njia mbovu.

Pale Bombo kijana Mhina alisema: mazoezi, mzee, kila siku.
Nikafunga ringi ya inchi ishirini na sita juu ya mlango wa chumba,
nikapitisha kamba,
mkono mzima ukawa unauvuta uliolala,
juu, chini, juu,
ringi ikilia kwi, kwi, mpaka nikaitia grisi.
Ilipoacha kulia ukaacha kuvuta.
Kumbe ulikuwa unaufuata ule wimbo.
Nikaifuta grisi kwa mafuta ya taa.

Kusuka bado kunanishinda.
Shoga yako Rukia alikuja, akatazama kichwa chako, akasema
njia hizi kazichora mlevi.
Ulimjibu Alhamisi, Alhamisi, pumzi moja, bila kituo.
Naamini ulikuwa unanitetea.
Au ulikuwa unamuunga mkono.

Sisemi haya nisifiwe.
Kuna usiku wa mvua, shuka la tatu,
sabuni imekwisha, godoro limelowa,
nikakutamkia neno ambalo sitalirudia hapa.
Nikatoka barazani, nikakaa karibu na baiskeli ya mteja,
nikahesabu spoku za gurudumu la nyuma gizani, kwa vidole.
Thelathini na tano. Nikarudia. Thelathini na tano.
Moja imekatika.

Niliporudi ulikuwa umesogea.
Mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na ule ukaidi wako,
ulikuwa umejivuta hadi penye umajimaji
ukaniachia upande mkavu.
Hukusema kitu. Hata lile lako moja hukulisema.
Nililala hapo. Ningefanya nini?
Asubuhi niliitia baiskeli ile spoku mpya,
mwenyewe sikumdai hata shilingi.

Mhina anasema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi.
Sisubiri tena kama nilivyokuwa nasubiri.
Naziba, nakaza mnyororo,
nainuka kukugeuza, nanawa, narudi kwenye mnyororo.

Jana, Jumatatu, mtoto wa Mzee Kilua alileta baiskeli ya kuendea shule,
breki zimekufa zote mbili.
Itakuwa tayari lini, babu?
Mdomo wangu, kwa mazoea ya nyumba hii, ukajibu: Alhamisi.

Na dirishani, nyuma ya pazia, ukaitika:
Alhamisi.
Lakini kwa sauti ile ya zamani,
ya kunisahihisha hesabu mbele za watu,
ikishuka mwishoni, haina mjadala.

Mtoto alikwisha fika kwenye kona.
Nikampigia mluzi arudi.
Jumatano, nikamwambia. Njoo Jumatano.